Pengo, posho na vumbi jekundu

"Sasa mama, kitu ambacho hakipo kitavutwaje na sumaku?"

Baba aliniuliza hivyo kwa simu Jumapili moja ya mwezi wa tatu, yeye akiwa kibarazani kwake Bugembe, karibu na Jinja, mimi nikiwa chumbani Kikoni, hapa Kampala, nimekalia ndoo iliyofudikizwa, maana kiti kilikuwa kimejaa karatasi. Nilikuwa nimempigia nimpe habari njema. Poda yangu ilikuwa imepimwa huko Afrika Kusini na majibu yalifika usiku wa Ijumaa. Ina sumaku. Kidogo sana, lakini ipo, na kwa mujibu wa vitabu haikupaswa kuwa nayo.

Nikaanza kumweleza kwamba ndani ya poda kuna sehemu ambazo oksijeni imetoka ikaacha mapengo, na mapengo hayo ndiyo yanayoleta usumaku. Ndipo akauliza swali lake. Nikacheka, nikasema nitamweleza nikija. Simu ilipokatika sikuwa nacheka tena.

Baba alistaafu jeshini akiwa sajenti. Sisi watoto wa kambi tulikipata Kiswahili kabla ya lugha ya mama na kabla ya Kiingereza cha shule, na majirani hapa Kampala wakishangaa mtu wa kaskazini anaongea Kiswahili na babake, huwa sina maelezo marefu. Ndiyo maana blogu hii iko kwa Kiswahili. Mzee anaisoma kwenye simu, miwani ikiwa nchani mwa pua, na makosa yangu ananisahihisha kwa ujumbe wa sauti.

Haya, Mzee. Jibu ndilo hili, limechelewa miezi minne.

Poda yenyewe ni oksidi ya seriamu, yaani metali iitwayo seriamu iliyoungana na oksijeni. Ina rangi ya njano iliyofifia, kama dang'a la ng'ombe aliyezaa jana. Kama una gari ambalo kisafisha moshi chake hakijang'olewa kikauzwa, unatembea nayo chini ya miguu yako kila siku: humo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Siri ni kwamba oksijeni haikushikwa sana humo ndani. Inatoka, inarudi, na nyumba haianguki.

Mimi niliitengeneza kwa njia ya kimaskini. Chumvi ya naitreti ya seriamu ndani ya maji, amonia tone kwa tone huku mchanganyiko ukikorogwa, mashapo yakakaa chini, nikayaosha mara sita, nikayakausha, nikayatia ndani ya tanuru kwa digrii 400. Nilipopima kwa eksirei, upana wa mistari ulionyesha chembe za wastani wa nanomita 5. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kupangiwa chembe kama hizo elfu kumi na zaidi, bega kwa bega, toka ukingo mmoja hadi wa pili.

Neno pengo nimelichagua mwenyewe. Vitabu vya Kiswahili vya fizikia ya namna hii sijaviona, kwa hiyo najisaidia. Babu yangu alikuwa na mapengo ya meno ya mbele ya chini, kama wazee wengi wa kaskazini wa rika lake waliong'olewa meno wakiwa vijana. Alipoongea, ulimi ulionekana ukipita kwenye pengo, na ulimi huo ndio ulioipa sauti yake namna yake. Pengo halikuwa na sauti. Ila bila pengo sauti ile isingekuwepo. Kumbuka hilo tukiingia kwenye gwaride.

Gwaride, Mzee, hapo unanizidi. Chukua uwanja wa kambi alfajiri, safu kwa safu. Kila seriamu imesimama mahali pake, imezungukwa na oksijeni nane. Oksijeni ni mwenye tamaa: kila moja imejichukulia elektroni mbili. Zote zikishachukuliwa, elektroni zilizomo ndani ya fuwele zimekaa mbili mbili, moja imeelekea juu na mwenzake chini, na usumaku wa hizo mbili umefutana. Ndiyo maana bonge la oksidi ya seriamu halina habari na sumaku.

Sasa oksijeni moja inatoroka. Inatoka ikiwa gesi, na gesi haina haja ya zile elektroni mbili ilizokuwa imezikamata. Inaziacha. Kambini kwetu askari akitoroka, posho yake haikulala; wa kitanda cha kulia na wa kushoto waliigawana kabla afisa hajajua. (Nasema posho ya Kiswahili, yaani mgao, ingawa najua wasomaji wa Uganda mmeshawaza ugali. Kambini ilikuwa yote mawili.) Ndivyo zinavyofanya seriamu mbili zilizo jirani na pengo: kila moja inapata elektroni moja. Seriamu iliyokuwa na chaji nne sasa ina chaji tatu, na ile elektroni mpya imekaa peke yake, haina mwenza wa kufutana naye. Elektroni iliyo peke yake ni sumaku ndogo.

Kwa hiyo pengo lenyewe halivutwi na chochote. Kinachovutwa ni posho iliyoachwa.

Hapo ningeweza kukomea, na Mzee angeridhika. Tatizo ni kwamba nimeeleza nusu rahisi. Elektroni zilizo peke yake zikitawanyika ovyo ni kama askari wa likizo sokoni: kila mmoja anatazama anakotaka, ukiita kwa nguvu wanageuka kidogo, ukinyamaza kila mtu anarudi kwenye nyanya zake. Ilichonionyesha mashine mimi ni kitu kingine. Mchoro wangu ulikuwa umepinda kama herufi S, na katikati una tumbo jembamba: uga wa sumaku ukirudi sifuri, usumaku wa poda haurudi sifuri. Yaani kelele imekwisha na kuna watu bado wamesimama wima. Hilo ni gwaride. Gwaride kwenye joto la kawaida la chumba, ndani ya kitu kisicho na chuma, kobalti wala nikeli.

Nani anatoa amri? Wazo ninaloliona likinukuliwa mara nyingi ni la Michael Coey na wenzake wa Trinity College Dublin, mwaka 2005. Walisema elektroni iliyonaswa kwenye kasoro ya fuwele haikai kwenye kitundu chake kama panya; mzunguko wake ni mpana, unafikia atomi nyingi jirani. Mapengo yakiwa machache, mizunguko haigusani. Yakiongezeka, inaanza kuingiliana, na amri inapita toka mzunguko mmoja hadi mwingine mpaka uwanja mzima unasikia. Chembe za nano zina mapengo mengi hasa juu ya ngozi yake, kwa kuwa atomi ya pembeni ina majirani wachache wa kuishikilia, na chembe ndogo ni ngozi tupu. Kila kitu kinaingia mahali pake. Wazo zuri mno, na mimi nililipenda.

Coey na wenzake M. Venkatesan na C. B. Fitzgerald ndio walioleta kizaazaa mwaka 2004. Walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba filamu nyembamba za oksidi ya hafniamu zina usumaku wa kudumu. Oksidi ya hafniamu! Kitu cha kuhami umeme, ambacho kitabuni hakina hata elektroni moja iliyo peke yake. Mapengo ya oksijeni yakashukiwa. Mwaka 2005 watafiti watatu wa IBM wakatengeneza filamu zao za hafniamu kwa uangalifu, wakapima, hawakuona kitu. Walifanikiwa kupata usumaku wa namna ileile pale filamu ziliposhikwa na kibano cha chuma cha pua. Kibano! Mwaka 2006 kundi la A. Sundaresan na C. N. R. Rao huko Bangalore likasema limepata usumaku kwenye chembe za nano za oksidi tano zisizo na sumaku zikiwa kubwa: za seriamu, alumini, zinki, indiamu na bati, za upana wa nanomita 7 hadi 30. Walichokiona nilikitaka na mimi.

Hayo yote niliyasoma mapema. Hata habari ya kibano niliisoma, nikaipigia mstari kwa wino wa kijani. Na wiki ileile nikachota poda yangu kwa kijiko cha chuma.

Kijiko chenyewe kiko kwenye droo ya pili kushoto mwa sinki. Wanaokifahamu watakumbuka mpini umepinda kidogo. Siku ya kumi na moja baada ya majibu nilikuwa nakiosha, si kwa sababu ya mashaka yoyote, ni zamu yangu tu ya kuosha vyombo, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale shingoni, ambapo kichwa kimeungana na mpini, palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi. Nikalisugua kwa ukucha. Likaja na ukucha.

Nikasimama na maji yanamwagika.

Ukishaona doa moja unaona yote. Nilienda kukichungulia kile kidude cha sumaku kinachozunguka chini ya chupa wakati wa kukoroga, kile kilichovikwa plastiki nyeupe: ubavuni kilikuwa na mkwaruzo wa kijivu, na ndani ya plastiki ile kuna sumaku halisi. Nikatazama dirisha. Tunaliacha wazi kwa sababu feni ya kutolea hewa imekufa tangu kabla sijaja, na nje ya dirisha kuna barabara ya murram ambayo bodaboda wameifanya njia ya mkato. Nikapitisha kidole kwenye kingo. Kidole kilirudi chekundu.

Nikachukua kalamu. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne na ingepaswa kufanywa kabla sijampigia Mzee simu.

Sampuli ilikuwa miligramu 40. Usumaku wake ulikuwa emu 0.0008 kwa gramu (emu ni kipimo cha usumaku), kwa hiyo usumaku wote uliopimwa ni emu 0.000032. Magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma, ikishiba hubeba takriban emu 92 kwa gramu moja. Gawanya. Magnetaiti ninayohitaji kuupata usumaku wangu wote ni kama theluthi moja ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukiikusanya iwe punje moja, punje hiyo ina upana wa kama milimita 0.05. Ndio upana wa unywele mwembamba. Punje moja. Katika sampuli nzima.

Nikageuza hesabu upande wa pili, nione mapengo nayo yanadai nini. Chembe moja ya nanomita 5 ina seriamu kama 1,650. Tuseme moja katika kila kumi imepata posho, ambalo si dai la ajabu kwa chembe ndogo hivyo. Hizo ni elektroni 165 zilizo peke yake kwenye kila chembe. Usumaku wangu, ukiugawa kwa chembe zote na kuipa kila elektroni kiasi chake cha kawaida, unatosha elektroni moja tu kwa kila chembe ishirini na nne. Watoro wako kila mahali, posho zimegawanywa kambi nzima, halafu anayesimama gwaride ni askari mmoja katika mabweni ishirini na manne. Si jambo lisilowezekana. Ila mtu akikuambia hivyo na mwingine akakuambia "kuna punje ya vumbi", Mzee, wewe ungemwamini nani?

Pasaka nikaenda Bugembe. Nilikuwa na sumaku ya spika iliyokufa, nimeifunga ndani ya kavera ili nikichoka niivue mfuko na vilivyonasa vidondoke vyenyewe. Nilitaka kumwonyesha Mzee kitu kwa macho. Nikaiburura kwenye udongo mwekundu wa uani, hatua kama kumi. Zilinasa punje chache, unazihesabu. Mzee akatikisa kichwa, yaani ndiyo hizi tu?

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba ambapo shangazi hupika maharagwe kwa kuni, nikaomba ruhusa kwa maneno ambayo baadaye alisema hakuyasikia, nikasogeza majivu na kuipitisha sumaku kwenye udongo ulio chini ya mafiga. Ilitoka na ndevu. Nyeusi, zimesimama kama nywele za paka aliyeogopa.

"Unanichimbulia jiko?" shangazi akauliza.

"Nafanya utafiti, shangazi."

"Utafiti si una chuo chake?"

Mzee alikuwa ameinama, mikono mgongoni, anazitazama zile ndevu. Udongo ni uleule wa uani. Wekundu wake ni hematiti na ndugu zake, oksidi za chuma ambazo zina kutu ya kutosha lakini usumaku wao ni hafifu, chini ya sehemu moja katika mia mbili ya magnetaiti. Moto wa kuni ndio uliozibadilisha. Pale chini ya jiko hewa ni haba na moshi una njaa ya oksijeni. Unaichukua kutoka kwenye udongo wenyewe. Hematiti ikinyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, inakuwa magnetaiti. Ikipoa hewani, sehemu yake inageuka tena kuwa magemaiti, ambayo nayo inavutwa vizuri sana. (Kichekesho ni kwamba magemaiti imejaa mapengo. Ila hayo ni mapengo ya chuma, ya oksijeni hayahusiki, na juu ya hayo hakuna anayebishana.)

Mzee akasema, "Kwa hiyo oksijeni ikitoka, sumaku inakuja."

Ndiyo, nikasema, na nikiwa bado nasema ndiyo nikahisi tumbo limeshuka.

Kwa maana kulikuwa na jaribio nililokuwa nimelipanga, na ndilo jaribio ambalo karibu kila makala ya mapengo ya oksijeni inalitegemea. Unaichukua poda, unaichoma kwenye oksijeni ili mapengo yajae, usumaku unapungua. Unaichoma tena kwenye ombwe, au kwenye gesi yenye hidrojeni, ili mapengo yafunguke, usumaku unarudi. Umethibitisha, mapengo ndiyo yenye sumaku. Nilikuwa nimeshaandika aya ya mjadala kabla ya kuwasha tanuru. Na hapa chini ya mafiga ya shangazi kulikuwa na jibu: vumbi la chuma linafanya vilevile. Lichome kwenye oksijeni kwa joto la kutosha, magnetaiti inakuwa hematiti, usumaku unazama. Lichome kwenye hidrojeni, hematiti inarudi kuwa magnetaiti, usumaku unapanda. Shahidi ni mmoja, maneno yake ni yaleyale, na yanawafunga washtakiwa wote wawili.

Sisemi kila aliyefanya jaribio hilo amepima vumbi. Wako waliopima chuma ndani ya poda zao na kukuta hakitoshi kueleza walichokiona. Nasema jaribio peke yake, bila hesabu ya chuma, halinishawishi tena.

Na kuna ushahidi mwingine ambao siku hizi naukataa kabisa, hapa naomba niwake kidogo. Unaipiga poda kwa eksirei, elektroni zinaruka nje, unapima nguvu zake. Oksijeni iliyo ndani ya fuwele inatoa kilele kwenye elektronivolti 529 au 530 hivi. Pembeni yake, kwenye 531 au 532, kuna bega. Fungua makala kumi, nyingi zitakuwa zimelichora bega lile kwa rangi nzuri na kuliandika "mapengo ya oksijeni". Jamani. Kilele hicho kinatokana na elektroni zilizong'olewa kutoka kwenye oksijeni. Pengo ni mahali ambapo oksijeni haipo. Umeng'oa elektroni za nani? Ni sawa na kuita majina gwarideni na aliyetoroka akaitikia "hapa, afande!" Mara nyingi bega lile ni maji na haidroksidi zilizoshika juu ya chembe, na poda ya nano iliyokaa Kampala msimu wa mvua ina maji kuliko ndoo yangu ya Kikoni. Kama unataka kuyaona mapengo kwenye oksidi ya seriamu, waulize waliopata posho: itazame mistari ya seriamu yenyewe, uone ngapi zina chaji tatu. Au tumia mtawanyiko wa Raman (unaimulika poda kwa leza na kupima mwanga unaorudi), ambapo pembeni ya mstari mkuu wa 464 hujitokeza kilima kidogo karibu na 600, kwa kipimo cha cm⁻¹, fuwele ikiwa na kasoro.

Nimemaliza kuwaka.

Niliporudi Kampala nilianza upya. Vijiko vya plastiki, vimelazwa ndani ya asidi usiku kucha. Kinu cha akiki badala ya kile cha chuma. Kukoroga kwa fimbo ya kioo, kwa mkono, saa tatu, na kuanzia siku hiyo nina heshima mpya kwa kila mtu aliyewahi kusonga posho ya harusi. Dirisha nimelifunga na kulipachika khanga iliyoloweshwa. Nilifanya kazi usiku wa manane, bodaboda wakiwa wamelala na vumbi limelala nao. Umeme ulikatika mara mbili tanuru likiwa digrii 300. Poda hizo mbili nilizitupa, sikutaka kubishana nazo.

Mtu mmoja ambaye simtaji, na anayenitakia mema, alinishauri nichapishe kwanza matokeo ya mwanzo kisha ndiyo nihesabu chuma. Alisema kila mtu anafanya hivyo. Huenda. Nilimwitikia vizuri, nikarudi kwenye fimbo yangu ya kioo.

Poda mpya ilipimwa mwezi uliopita. Chembe ni zilezile za nanomita 5, kilima cha 600 kipo palepale na urefu wake karibu haujabadilika, maana yake mapengo bado yako. Usumaku umeshuka toka emu 0.0008 kwa gramu hadi kama 0.0001. Yaani sehemu saba katika nane za ugunduzi wangu zilikuwa kijiko, kidude cha kukorogea na barabara ya murram, sijui kila mmoja alichangia kiasi gani na sina haja ya kuwapatanisha.

Sehemu moja imebaki. Hiyo ndiyo inayoniamsha usiku. Ni ndogo kiasi kwamba mrija wa kushikilia sampuli ndani ya mashine (mrija wa plastiki wa kunywea soda, si utani, maabara kubwa duniani zinatumia hiyo) unaweza kuwa na alama ya kidole yenye usumaku unaokaribia huo. Inaweza kuwa vumbi lililonishinda. Inaweza pia kuwa posho. Mwaka 2016 Coey huyohuyo na wenzake walirudi kwenye oksidi ya seriamu, wakachukua chembe za nano na kuzitenganisha kwa kuzichanganya na chembe za oksidi nyingine isiyo na sumaku. Usumaku ulipotea chembe ziliposambaa na kuacha kukaa katika mabonge makubwa. Vumbi la chuma halina sababu ya kufanya hivyo. Punje ya magnetaiti ni punje ya magnetaiti, uichanganye na sukari au na mchanga. Na maelezo waliyoyatoa safari hii yalikuwa tofauti na yale ya mizunguko kuingiliana. Mtu aliyeleta wazo ninalolipenda aliliweka pembeni akatafuta jingine, miaka kumi na moja baadaye. Hilo nalo nimelipigia mstari wa kijani.

Kwa hiyo nimeiga jaribio lake. Poda yangu safi nimeigawa: moja imebaki kama ilivyo, ya pili nimeichanganya na oksidi ya lanthanamu kidogo, ya tatu nimeichanganya nayo sana. Kila moja ndani ya chupa yake ya plastiki, kifuniko kimezungushiwa utepe. Chupa ya nne niliifungua, nikaiacha juu ya meza ya maabara muda uleule nilioutumia kujaza zile nyingine, kijiko cha plastiki kikaingia na kutoka kikiwa kitupu, nikaifunga.

Alhamisi nilizipeleka mjini zisafirishwe. Kijana wa kaunta alizipokea, akaziinua moja moja kwenye taa, akaitikisa ile ya nne karibu na sikio.

"Nnyabo, hii umesahau kuijaza."

Nikamwambia sijasahau, iende hivyohivyo. Akaniangalia, akaiweka kwenye mizani pamoja na wenzake, akaniandikia risiti ya chupa nne.